Maji Safi, Meno ya Kahawia

Kijana wa Nakuru akienda kusoma au kutafuta kazi Mombasa, Kisumu au Nairobi, hahitaji kueleza kwao ni wapi. Akicheka mara ya kwanza mbele ya wageni, swali linakuja: "Wewe ni wa Nakuru?" Meno yameshamtaja. Mtu wa Njoro, Gilgil, Naivasha au Mogotio naye huulizwa hivyohivyo, na mara nyingi hukubali tu kuwa wa Nakuru ili mazungumzo yaendelee. Wako waliojifunza tangu shule ya msingi kucheka huku kiganja kimeziba mdomo. Wako wasiopenda kabisa kupigwa picha.

Madoa hayo hayatokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, ingawa watoto wengi wamegombezwa kwa sababu hiyo na walimu waliotoka mikoa mingine. Yanatokana na floraidi iliyoyeyuka katika maji ya kunywa. Sayansi imelijua hilo tangu 1931, na jarida la kitabibu la Afrika Mashariki liliandika kuhusu Kenya mwaka 1953. Namna ya kuzuia inafahamika pia: mtoto apewe maji mengine, au maji yaleyale yachujwe. Ikiwa chanzo kinajulikana na kinga inajulikana, kwa nini vizazi vitatu vya watoto wa Bonde la Ufa la kati vimeendelea kunywa maji yaleyale? Jibu linapatikana katika historia ya ardhi kuliko katika vitabu vya udaktari. Linahusu nani alipewa mto, nani akaachiwa kisima, na nani aliyesikilizwa alipolalamika.

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza, John Walter Gregory, alipita katika bonde hili hadi Baringo akichunguza miamba yake. Kitabu alichokitoa 1896 ndicho kilicholipa Bonde Kuu la Ufa umaarufu duniani. Alichokikuta ni nchi iliyopasuka, yenye volkeno kila upande: Suswa, Longonot, Menengai, na majivu yake kutapakaa kwenye tambarare. Miamba ya namna hii ina floraidi kwa wingi. Mvua ikinyesha na maji yakazama, hukaa huko chini kwa miaka mingi yakigusana na mwamba wenye joto, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi kubeba floraidi. Kwingineko duniani kalsiamu iliyomo ardhini huikamata floraidi na kuifanya itulie chini. Maji ya hapa yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki ndani ya maji hadi kwenye kikombe.

Hapo ndipo mambo yanapopinduka. Maji ya kisima kirefu, angavu, yasiyo na tope wala vijidudu vya kipindupindu, ndiyo yanayoharibu meno. Maji ya mto yenye rangi ya udongo, yanayoteremka kutoka msitu wa Mau au milima ya Aberdare, yana floraidi kidogo kwa sababu hayakupata muda wa kukaa kwenye mwamba. Njoro, Malewa na Turasha ni mito ya aina hiyo. Ziwa Nakuru liko upande wa pili kabisa: halina njia ya kutokea, jua hunyonya maji na kuiacha chumvi, na vipimo vilivyochapishwa 1984 vilikuta zaidi ya miligramu 2,000 za floraidi katika kila lita. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5.

Kabla ya reli, Wamaasai walilisha ng'ombe katika tambarare hizi wakihama kwa msimu, kutoka chemchemi hadi mto na kurudi. Mtoto hakukaa miaka minane mfululizo akinywa chanzo kimoja, na chakula chake kikuu kilikuwa maziwa. Ng'ombe hata akinywa maji yenye floraidi nyingi, ni kidogo sana inayopita kwenye maziwa yake. Maisha hayo yalivunjwa kwa karatasi. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900. Mkataba wa 1904 ukawaondoa Wamaasai Naivasha na Nakuru, baadhi wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Kuanzia 1911 wale wa Laikipia wakahamishwa tena kwenda kusini. Ardhi ikagawiwa walowezi, na aliyekuwa akichagua shamba alianza kwa kuangalia maji. Lord Delamere akawa na Njoro, baadaye Soysambu kando ya Elmentaita, na wengine wakafuata kingo za mito na miteremko ya Mau.

Mashamba hayo yalihitaji mikono. Wakikuyu, Wakipsigis, Waluhya, Waluo na wengineo walikuja kama maskwota, wakipewa kipande cha kulima kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi. Sheria ya 1918 iliwataka kufanya kazi angalau siku 180 kwa mwaka. Waliishi popote walipoonyeshwa na wakanywa maji yaliyokuwa karibu na hapo.

Hospitali za serikali ya kikoloni ziligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na kwa skwota aliyekuwa maili nyingi kutoka mjini hata hiyo ya Waafrika ilikuwa mbali. Katika mashamba mengi kliniki ilikuwa baraza la nyumba ya mlowezi. Asubuhi watu walipanga foleni, na mke wa mwenye shamba akafungua sanduku lenye kwinini, iodini, chumvi ya kuharisha na bandeji, akagawa kwa kadiri ya alichokijua. Kidonda kilifungwa, homa ikapewa kidonge. Jino lililokuwa likiuma liling'olewa. Jino lenye doa halikuwa ugonjwa machoni pa mtu yeyote mwenye mamlaka, na mama wa mtoto hakuwa na pa kuuliza.

Miaka hiyohiyo, huko Marekani, doa kama hilo lilikuwa na mtu wa kuliuliza. Frederick McKay alihitimu udaktari wa meno akafungua kliniki Colorado Springs mwaka 1901, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia na hakuna kitabu kinachoeleza kwa nini. Alilishughulikia suala hilo kwa miaka 30. Kisa chake chenye mafunzo zaidi kwa Nakuru kilitokea Oakley, mji mdogo wa jimbo la Idaho. Wazazi wa huko walimwambia kwamba madoa yalianza kuonekana baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu iliyokuwa maili kadhaa. McKay hakujua ni kitu gani kilichokuwa ndani ya maji. Aliwashauri tu waache chemchemi ile watumie nyingine. Wakakubali, wakabadili bomba, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi. Mwaka 1931 ndipo mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipopima maji kwa vifaa bora zaidi na kuikuta floraidi.

Oakley ilijiokoa kabla hata ya kujua jina la adui wake. Kilichohitajika ni watu wenye uwezo wa kuamua bomba lao litoke wapi.

Wamarekani waliendelea kuchunguza na kugundua kwamba floraidi kidogo, karibu miligramu moja kwa lita, hulinda jino lisitoboke. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukaanza kuiongeza kwenye maji yake. Jambo hilo limewachanganya wazazi wa Nakuru hadi leo: dawa ya meno dukani inajisifu kuwa na floraidi, na daktari anasema floraidi ndiyo iliyoharibu meno ya mtoto. Yote mawili ni kweli. Tofauti iko kwenye kipimo, na kwenye umri.

Maana umri ndio kiini. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huumbika ndani ya ufizi miaka mingi kabla jino halijaota. Meno ya mbele ya utu uzima huanza kuumbwa mtoto akiwa na miezi michache tu, na kufikia umri wa miaka 8 hivi enameli ya meno yote, isipokuwa magego ya mwisho, imekamilika. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, madini hayapangiki vizuri na enameli hubaki na vinyweleo. Jino huota likiwa na mistari myeupe kama chaki. Rangi ya kahawia huingia baadaye kupitia vinyweleo hivyo, na meno yaliyoathirika sana humeguka. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama yeye mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Hatari huanza pale mtoto anapoanzishwa uji uliopikwa kwa maji hayo. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki.

Kenya ilitajwa waziwazi mwaka 1953, M. M. Williamson alipochapisha ripoti ya awali kuhusu madoa ya meno yanayotokana na floraidi nchini. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 kukabili uasi dhidi ya wakoloni. Maskwota Wakikuyu wa Bonde la Ufa walikuwa wakifukuzwa kwa maelfu, wakirundikwa kwenye treni na malori kurudishwa mikoa ambako wengi hawakuzaliwa. Ripoti ya meno katika mwaka kama huo haikuwa na wa kuisoma serikalini, na hata ingesomwa, watoto waliohusika hawakuwa raia ambao serikali ile ilijiona inawajibika kwao.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, serikali mpya ilitangaza vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi, na mwaka 1965 ikafuta malipo ya wagonjwa wa kutwa katika hospitali zake. Hatua hiyo ilikuwa kubwa na inastahili heshima. Lakini wakati huohuo ardhi ya Nakuru ilikuwa ikibadilisha mikono kwa namna iliyoamua maji ya watu kwa miaka mingi iliyofuata. Mashamba makubwa yalinunuliwa na kampuni za wanahisa: Ndeffo ya waliokuwa wapigania uhuru wa wilaya ya Nakuru, Ngwataniro-Mutukanio iliyoongozwa na Dickson Kihika Kimani, na nyingine nyingi. Vibarua, wachuuzi, wajane na walimu walikusanya shilingi moja moja wakanunua hisa, na hisa ikawa ekari mbili, ekari moja, au hata ploti ya kujenga nyumba tu.

Shamba lililokuwa la mlowezi mmoja, lenye bomba moja kutoka mto mmoja, sasa lilikuwa na mamia ya familia. Mto ulikuwa upande mmoja wa shamba na ploti zilikuwa upande mwingine. Misitu ya juu ilikatwa, mito ikapungua kiangazi, na watu wakatafuta maji pale walipokuwa, yaani chini ya miguu yao. Harambee ikachanga, mashirika na makanisa yakasaidia, mashine ya kuchimba ikaja. Siku maji yaliporuka kwenye bomba ilikuwa sherehe ya kijiji, na kwa sababu nzuri: wanawake waliokuwa wakitembea kutwa na mitungi mgongoni walipumzika, na watoto wakaacha kuugua kuhara. Hakuna aliyepima floraidi. Kizazi kilichozaliwa karibu na visima hivyo kilipofika umri wa kuota meno ya pili, jibu likaanza kuonekana midomoni.

Upimaji wa kitaifa ulifika miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Kabla ya hapo hapakuwa na chuo kikuu nchini kilichofanya hivyo. Watafiti wa miaka hiyo, akiwemo daktari wa meno Firoze Manji, walikusanya vipimo vya maji ya ardhini zaidi ya 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Asilimia 61 vilizidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 vilizidi miligramu 5. Bonde la Ufa liliongoza. Mwaka 1986 Manji na wenzake wakachapisha matokeo ya eneo la Kenya ambalo maji yake yalikuwa na miligramu 2 tu, na kila mtoto waliyemchunguza alikuwa na dalili. Watoto wa nchi yenye jua kali hunywa maji mengi, kwa hiyo kiwango kinachovumilika Ulaya kinaweza kuwa kingi kwao. Manji baadaye aliacha udaktari wa meno akawa mwandishi na mtetezi wa haki. Ndiye mwanzilishi wa jarida la mtandaoni Pambazuka News. Ni vigumu kutoona uhusiano kati ya kazi hizo mbili.

Daktari anayechunguza ugonjwa huu hahitaji mashine. Humketisha mtoto karibu na dirisha, mwanga wa jua ukipiga mdomoni, akayafuta meno kwa pamba hadi yakauke. Jino lenye mate hung'aa na kuficha makosa yake. Likikauka, mistari ya chaki hujitokeza. Kipimo kinachotumika sana, kilichobuniwa na Thylstrup na Fejerskov mwaka 1978, huanzia 0 kwa jino lisilo na doa hadi 9 kwa jino lililopoteza enameli yake karibu yote. Katika tarafa ya Njoro, utafiti uliochapishwa 2002 ulikuta karibu nusu ya watoto waliochunguzwa wana athari za wastani hadi kali. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta takriban watoto wanne kati ya kumi nchini wana dalili za floraidi, kali kwa wengine na hafifu kwa wengine.

Kusugua enameli, kuipausha au kuibandika kifuniko cha jino kunawezekana, lakini kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye kliniki za binafsi na hulipwa kutoka mfukoni, kwa sababu huhesabiwa kuwa urembo. Msichana wa miaka 17 anayekwenda kuomba kazi ya mapokezi hotelini haoni urembo hapo. Anaona kazi. Malalamiko ya vijana wa eneo hili kwamba hupunguziwa alama kwenye usaili na usajili kwa ajili ya meno yao yamesikika kwa miaka mingi, na kuliita suala hili urembo ni kuwageuzia mgongo.

Nje ya Kenya, bonde hilihili limefundisha kwamba floraidi haiishii kwenye meno. Katika mashamba ya miwa ya Wonji nchini Ethiopia, wafanyakazi waliokunywa maji ya visima kwa miaka mingi walipatikana miaka ya 1970 wakiwa na mifupa iliyokakamaa, migongo isiyoinama na viungo vilivyofungana. Kando ya Mlima Meru, Arusha, vijiji vya Maji ya Chai vimekuwa na watoto waliopinda miguu. Tanzania ilikabili uamuzi mgumu mwaka 1974: kufuata kiwango cha kimataifa kungemaanisha kufunga vyanzo vingi vya maji vijijini, kwa hiyo ikaweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Baadaye ilikishusha hadi 4, na hatimaye 1.5. Ilijenga pia kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi Ngurdoto, karibu na Arusha. Namba ile ya 8 ilikuwa ukweli mchungu uliowekwa kwenye sheria: mtu wa kijijini angekunywa kile ambacho wataalamu walijua kinadhuru, kwa sababu kumpa kingine kulihitaji fedha.

Nakuru ilipata jibu lake kutoka kwa mifupa ya ng'ombe. Jimbo Katoliki la Nakuru lilikuwa limewasaidia wanavijiji kupata maji, na lilipotambua ukubwa wa tatizo la floraidi lilianzisha kitengo cha ubora wa maji mwaka 1998. Mifupa ilikusanywa kutoka machinjioni, ikachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo kwa muda mrefu, ikapondwa, ikachekechwa, ikaoshwa. Kazi inahitaji jicho. Mfupa uliochomwa kidogo hubaki mweusi na kuyapa maji rangi na harufu mbaya. Uliopitiliza huwa mweupe na kupoteza nguvu ya kunasa. Unaofaa ni wa kijivu. Chembe hizo hujazwa kwenye ndoo yenye mfereji chini, maji humwagwa juu, yakapita taratibu na kutoka yakiwa salama.

Siri yake iko katika madini yaleyale. Mfupa na enameli vimejengwa kwa kitu kimoja, na vyote huivuta floraidi. Ndani ya ndoo, mfupa wa ng'ombe aliyekwishachinjwa hupokea kile ambacho jino la mtoto lingepokea.

Kwa kushirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, wataalamu wa Nakuru waliboresha mbinu hiyo kwa kuongeza punje za kalsiamu na fosfeti ili chujio lidumu zaidi. Machujio makubwa yakawekwa shuleni na kwenye vibanda vya maji, madogo majumbani. Shirika moja la Ethiopia lilikuja kujifunza na kuanzisha kazi kama hiyo kwao. Ni jambo la kujivunia kwamba suluhisho lililotoka Nakuru lilisafiri kando ya bonde hadi kwa majirani.

Udhaifu wake haumo kwenye sayansi. Chujio hujaa. Baada ya miezi kadhaa, kulingana na floraidi iliyomo na ndoo zinazopitishwa kwa siku, chembe huacha kunasa, na hakuna ladha, rangi wala harufu inayomwonya mama mwenye nyumba. Lazima mtu aje kupima, lazima chembe zibadilishwe, na lazima mtu alipe. Familia inayonunua unga kwa kipimo cha siku hiyo haiwezi kutenga pesa za chembe za mifupa kwa ajili ya jino litakaloota miaka sita ijayo. Ufadhili ukipungua, ndoo huwekwa pembeni na kugeuzwa ya kuhifadhia nafaka.

Maji ya mvua yangekuwa kimbilio jingine, kwa kuwa karibu hayana floraidi, na vyama vya akina mama vimenunuliana matangi kwa zamu katika vijiji vingi vya Bahati, Subukia na Rongai. Ila tangi linahitaji paa la mtu mwenyewe. Mpangaji wa chumba kimoja katika mitaa ya Kaptembwo au Rhonda mjini hana paa, ana mlango. Yeye hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, bila kujua umejazwa wapi. Anayeishi mtaa wa kitajiri wa Milimani hununua maji yaliyosafishwa kwa mashine, yakaletwa hadi jikoni. Watoto wao wanasoma mji mmoja, na mwalimu anaweza kukisia nani anatoka wapi wanapofungua vinywa kuimba.

Mji wenyewe ulipata nafuu kwa sehemu. Mradi mkubwa uliofadhiliwa na Japani ulileta maji ya mto Turasha hadi Gilgil na Nakuru, yakachanganywa na ya visima, na kuchanganya huko hupunguza floraidi. Lakini watu waliongezeka haraka kuliko mabomba. Machafuko ya kisiasa ya 1992 na ya 2008 yaliwafukuza wengi kutoka Molo, Kuresoi na Olenguruone, nchi ya chemchemi na mito. Mwaka 2008 maelfu walilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na wengi hawakurudi makwao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti.

Katiba ya 2010 ilisema wazi, katika kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Zinapokutana mezani, haki hizo mbili hugawanyika. Meno ni ya idara ya afya ya kaunti. Mfereji ni wa kampuni ya maji. Bwawa na bomba kubwa ni vya wakala wa serikali ya taifa. Daktari wa meno anayeona watoto ishirini wenye madoa kutoka kijiji kimoja anaweza kuandika ripoti nzuri, lakini hana mamlaka ya kufunga kisima, na anayekimiliki kisima hana sababu ya kusoma ripoti yake. Wazazi wa Oakley hawakuwa na ofisi tatu za kupitia.

Tumaini kubwa la karibuni liliitwa Itare. Bwawa hilo lilipangwa Kuresoi, kwenye miteremko ya Mau, litoe takriban lita milioni 100 za maji ya mto kila siku kwa ajili ya Molo, Njoro, Rongai na mji wa Nakuru: maji ya juu, yasiyokaa kwenye mwamba, yale ambayo hapo zamani yaliwafikia wenye mashamba makubwa. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua ujenzi mwaka 2017, kandarasi ikiwa mikononi mwa kampuni ya Kiitaliano ya CMC di Ravenna. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliishiwa fedha na kuomba ulinzi wa mahakama huko Italia, mashine zikanyamaza, na maji hayakushuka.

Mtoto aliyezaliwa Njoro mwaka wa uzinduzi alitimiza miaka 8 mwaka 2025. Enameli ya meno yake ya mbele ilikamilika akiwa hajaanza darasa la kwanza, na kama kwao walikunywa maji ya kisima, maji ya Itare yakifika kesho hayatayabadilisha meno hayo. Mdogo wake wa miaka miwili bado yumo ndani ya muda. Anakunywa uji sasa.